"Sihisi Kitu": Maneno Sita ya Moyo Uliojitenga, na Namna ya Kujua Lipi Ni Lako

Watu sita wanaweza kutamka sentensi ileile, "sihisi kitu," na kila mmoja akawa anasema jambo lake. Wa kwanza anahisi, tena sana, ila hana neno la kuliita lile linalomjaa. Wa pili anakumbuka alivyokuwa akifurahi, na sasa furaha haiji hata akiifuata. Wa tatu hasukumwi na lolote, wala hilo halimkoseshi usingizi. Wa nne anajiona kama anayeishi nyuma ya kioo. Wa tano alihisi mengi mno siku moja, kisha mlango ukajifunga. Wa sita yuko sawasawa kabisa, mpaka mtu amkaribie.

Mitaani wote sita hupewa jina moja: roho ngumu. Au moyo wa jiwe, au yule asiyejali wala kubali. Jina hilo linaumiza, na ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba halimwelekezi mtu pa kwenda. Saikolojia imeyatenga mambo haya kwa majina tofauti, lakini baadhi ya majina yenyewe yanafanana kwa sura, yana mizizi ya Kigiriki, na maelezo yake huishia kwenye maneno yaleyale: kutengana na hisia. Msomaji akisoma moja anasema "ni mimi huyu." Akisoma la pili, ni yeye tena. Ulinganisho huu nimemwandikia msomaji huyo.

Vigezo vya kulinganisha

Nitayapima maneno yote sita kwa vigezo vinne.

Cha kwanza ni asili. Huenda ukaona historia ya neno ni pambo tu. Si hivyo. Kila aliyetunga neno alikuwa na mtu mbele yake, na mizizi aliyoichagua inaonyesha alichokiona kwa mtu huyo. Ukijua neno lilizaliwa wapi, ni vigumu kulivisha mahali pasipo pake.

Cha pili, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni mahali uzi ulipokatika. Hisia ni safari. Jambo hutokea; mwili huitikia, moyo ukaenda mbio, koo likakauka; akili hutambua kwamba hii ni hofu au huzuni; ulimi huitaja; hamu hutusukuma kutenda; mwisho mtu mwingine huipokea. Uzi huo unaweza kukatika popote, na ukiwa nje huwezi kujua umekatikia wapi, kwa sababu uso unaoonekana ni uleule mtulivu.

Cha tatu ni msaada uliopo, na cha nne ni nani neno linamfaa na nani halimfai.

Jambo moja kabla ya kuanza. Maneno haya, ambayo nitayaeleza moja moja hapa chini, hayana uzito sawa kitabibu. Depasonalizesheni inaweza kuwa ugonjwa unaosimama peke yake katika vitabu vya utambuzi. Anhedonia, apathia na ganzi ya hisia ni dalili, maana yake hutokea ndani ya hali nyingine. Aleksithimia ni hulka. Mfungamano wa kukwepa ni mtindo wa kuhusiana na watu. Kwa hiyo kusema "nina aleksithimia" hakufanani na kusema "nina malaria."

1. Aleksithimia

*Asili.* Neno hili lina umri mdogo. Peter Sifneos, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Boston, alilitunga mwanzoni mwa miaka ya 1970, na makala yake ya mwaka 1973 ndiyo iliyolieneza. Yeye na mwenzake John Nemiah walikuwa wakiwahoji wagonjwa wenye maradhi ya mwili yanayohusishwa na msongo wa mawazo. Wakiwauliza "ulijisikiaje?" wagonjwa walisimulia matukio: nilikwenda, nikarudi, tumbo likaanza kuuma. Swali la moyo lilijibiwa kwa ratiba ya siku. Sifneos akachukua vipande vitatu vya lugha yake ya kuzaliwa: *a*, yaani bila, *lexis*, neno, *thymos*, moyo au roho. Tukilivua neno hilo nguo zake za Kigiriki tunabaki na maelezo mepesi kabisa: kukosa neno la moyo.

*Mahali palipokatika.* Kati ya mwili na jina. Mwili unaitikia kama kawaida, pengine kwa nguvu kupita wengine. Kifua kinabana, kichwa kinagonga, usingizi unakimbia. Kisichopatikana ni daraja la kutoka kwenye kifua kinachobana hadi kwenye sentensi "nimekasirika." Kipimo kinachotumika zaidi, TAS-20, kilichotengenezwa Toronto na kuchapishwa mwaka 1994, hutazama mambo matatu: ugumu wa kutambua hisia, ugumu wa kuzieleza kwa wengine, na tabia ya akili kuelekea kwenye mambo ya nje badala ya ya ndani. Maswali ni 20, alama za juu ni 100, na anayefika 61 au zaidi huhesabiwa kuwa nayo kwa kiwango cha juu. Makadirio ya kawaida ni kama mtu mmoja katika kila kumi, na huonekana zaidi kwa watu wenye usonji.

Hapa nataka kutua kidogo, kwa sababu lugha yetu ina neno la kusema. Mswahili hutaja hisia kwa viungo vya mwili: roho inaniuma, moyo umeniruka, maneno yake yamenikata maini. Hata kitenzi chetu cha "kusikia" kinabeba sauti, njaa, baridi na uchungu kwa pamoja. Basi mtu akisema "kifua kimejaa," usikimbilie kudhani hana neno. Analo, tena zuri. Aleksithimia huanza pale anapoulizwa "kimejaa nini?" akatafuta kwa dhati, asipate. Kwa sababu hiyo siyaamini majibu ya dodoso lililotafsiriwa harakaharaka kutoka lugha nyingine. Linaweza kumhesabia mtu upungufu pale ambapo lugha yake inatumia njia nyingine tu ya kusema.

*Msaada.* Sifneos mwenyewe alionya kwamba tiba ya mazungumzo inayochimba siri za moyo haiwafai sana watu hawa, kwani inawadai kwanza kilekile wasichokuwa nacho. Kinachosaidia zaidi ni kuanzia mwilini: kutambua bega limekaza lini, baada ya tukio gani, kisha kulipa jina, na kurudia. Msamiati wa hisia hujengeka polepole kama msamiati wa lugha ya pili.

*Linamfaa nani.* Aliyekuwa hivi tangu akumbuke. Ndugu zake wanamwambia hana hisia, ilhali yeye kila baada ya ugomvi huumwa kichwa siku nzima. Halimfai aliyekuwa na maneno kisha yakampotea; huyo atafute jibu lake chini zaidi.

2. Anhedonia

*Asili.* Mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot alilitunga mwaka 1896. Aliona kwamba hali ya kutohisi maumivu ilikuwa na jina lake tangu zamani, lakini hali ya kutohisi raha haikuwa imejaliwa na mtu. Akatunga jina la kukaa ubavuni mwa lile: *an*, bila, *hedone*, raha. Napenda uadilifu uliomo katika neno hili, kwa sababu Ribot aliona upungufu ambao hauna kelele. Asiyehisi maumivu atajulikana siku atakapojiunguza. Asiyehisi raha anaweza kukaa miaka mezani na wenzake, akicheka wanapocheka.

*Mahali palipokatika.* Kwenye malipo. Mwili upo, maneno yapo, wapendwa wapo, ila kile kitamu kinachotufanya turudie jambo hakiji tena. Watafiti wametenganisha pande mbili ambazo sisi tunazisema kwa pumzi moja: kutaka na kupenda. Kent Berridge, mtafiti wa ubongo nchini Marekani, alionyesha kwamba mifumo inayoendesha kutaka si ileile inayoleta utamu wenyewe, na kwamba dopamini, mojawapo ya kemikali za ubongo, inahusika zaidi na kutaka. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni hii: unaweza kukosa hamu ya kwenda kwenye sherehe, lakini ukiburutwa ukafika, ukafurahi. Mwingine atakwenda kwa hamu zote, akifika asipate kitu. Wote wawili wana anhedonia, ila za aina mbili, na ni vizuri daktari aambiwe ni ipi.

*Msaada.* Anhedonia ni mojawapo ya dalili kuu mbili za sonona, ugonjwa wa akili unaomshusha mtu moyo. Nyingine ni huzuni yenyewe. Ili sonona itambuliwe, angalau moja kati ya hizo mbili lazima iwepo, pamoja na dalili nyingine, kwa muda usiopungua wiki 2. Angalia maana yake: mtu anaweza kuwa na sonona bila kuwa na huzuni wala kutoa chozi. Wengi huchelewa kutafuta msaada kwa sababu wanasubiri kulia. Tiba zipo, za dawa na za mazungumzo, na mojawapo huanza kwa kurudisha vitendo vidogo kwenye siku kabla hamu haijarudi, kwani mara nyingi hamu hufuata kitendo.

*Linamfaa nani.* Mwenye "zamani" na "sasa" mbili zilizo wazi: nilikuwa napenda kuimba, sasa wimbo ni sauti tu. Halimfai anayefurahia mambo mengi lakini amechoshwa na jambo moja, kazi moja au uhusiano mmoja.

3. Apathia

*Asili.* Hili ndilo kongwe kuliko yote, na limeanguka kutoka juu sana. Wanafalsafa wa Kistoa, waliofuata mafundisho aliyoanza kuyatoa Zeno wa Citium mjini Athens mnamo mwaka 300 KK, waliiita *apatheia* hali ya kutamaniwa: kuwa huru na mihemko inayomburuza mtu. Hawakumaanisha kutohisi. Waliorodhesha hisia njema ambazo mwenye hekima anazo, furaha ikiwemo. Katika karne ya 4 mtawa Evagrius Ponticus, aliyeishi jangwani Misri, alifundisha kwamba mtoto wa *apatheia* ni upendo. Karne zikapita, neno likageuka kuwa lawama ya kutojali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 daktari Robert Marin alilipa maana ya kitabibu yenye mipaka: kupotea kwa msukumo wa kutenda, ambako hakutokani na majonzi, na kupungukiwa fahamu au akili peke yake hakukuelezi.

*Mahali palipokatika.* Kwenye msukumo. Mtu hafanyi, hapangi, haulizi. Tofauti yake na sonona iko katika jambo moja ambalo familia hulijua kabla ya daktari: yeye mwenyewe haumii. Wanaoumia ni waliomzunguka.

*Msaada.* Apathia inayomwingia mtu mzima, hasa mwenye umri mkubwa, ni sababu ya kuonana na daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Huandamana na magonjwa ya ubongo ya Alzheimer na Parkinson, kiharusi na majeraha ya sehemu ya mbele ya ubongo, na wakati mwingine hutangulia dalili nyingine. Nyumbani, ratiba iliyopangwa na mtu mwingine hufaa kuliko mahubiri ya kujituma.

*Linamfaa nani.* Mara nyingi anayelitafuta neno hili si mwenyewe bali mke, mume au mtoto wake. Ikiwa wewe mwenyewe unasoma hapa na unateseka kwa kutojali kwako, huenda apathia si yako.

4. Depasonalizesheni

*Asili.* Limetoka kwenye shajara. Henri-Frédéric Amiel, profesa wa Geneva, aliandika maelfu ya kurasa juu ya maisha yake ya ndani, na katika moja ya mwaka 1880, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alieleza kwamba anayatazama maisha kana kwamba yuko ng'ambo ya kaburi, nje ya mwili wake na nafsi yake, kila kitu kikiwa kigeni. Akatumia neno la kumaanisha "nimeondolewa unafsi." Akajiuliza kama huo ni wazimu. Mwaka 1898 Ludovic Dugas, mwanasaikolojia Mfaransa, alilichukua neno hilo akalifanya la kitaalamu.

Swali la Amiel nimelisikia kwa namna nyingi, na kila anayeingia katika hali hii hulirudia: je, nimekuwa mwendawazimu? Jibu limo katika ufafanuzi wenyewe. Mwenye depasonalizesheni anajua kwamba ulimwengu haujabadilika na kwamba "kama" ni kama. Anasema mikono hii ni *kama* si yangu. Hasemi si yangu. Uwezo wake wa kupambanua ukweli haujaguswa.

*Mahali palipokatika.* Kati ya hisia na mwenye hisia. Huzuni inaweza kuwepo, lakini ni kama ya jirani. Sauti yako inatoka, unaisikia kwa mbali. Kumbukumbu ni zako kwa taarifa tu. Wakati vitu vya nje navyo vinapoonekana bandia, kama mandhari ya jukwaani, hali hiyo pacha huitwa direalizesheni, na vitabu vya leo vinaziweka pamoja.

*Msaada.* Vipindi vifupi ni vya kawaida mno. Karibu nusu ya watu wazima hupata angalau kimoja maishani, baada ya kukosa usingizi, hofu kali ya ghafla, ajali au bangi. Ugonjwa kamili, unaodumu au kurudirudi na kuvuruga maisha, hukadiriwa kuwapata watu wapatao 2 katika kila 100, na mara nyingi huanza katika ujana, umri wa miaka 16 ukiwa ndio wastani unaotajwa. Hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa ajili yake. Kinachosaidia kwanza ni kujua jina lake. Kujichunguza kila dakika, "je, nimerudi?", huichochea. Tiba ya fikra na tabia hulenga mzunguko huo wa hofu na kujikagua.

Tahadhari moja ya maneno. Mwaka 1981 mwanasaikolojia Christina Maslach na mwenzake walitumia neno hilihili katika kipimo chao cha uchovu wa kazi, wakimaanisha mfanyakazi anayeanza kuwaona wagonjwa au wateja kama vitu. Ni jambo halisi na la kusikitisha, lakini si hili. Muuguzi akisoma kwamba ana "depasonalizesheni" kwenye dodoso la kazini, asijipeleke kwenye maelezo ya Amiel.

*Linamfaa nani.* Anayesema "nipo lakini sipo." Halimfai anayehisi yupo kabisa ila hana raha.

5. Ganzi ya hisia

*Asili.* Ganzi tunaijua ya mguu uliolaliwa, na Kiswahili kilikwishasema zamani kwamba moyo nao hufa ganzi. Katika taaluma, aliyeipa uzito ni Robert Jay Lifton, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Marekani, aliyewahoji manusura wa bomu la Hiroshima mwaka 1962. Walimweleza kwamba siku ile walijua wazi kinachotokea, waliona maiti kando yao, na katikati ya kuona huko hisia zikazimika. Lifton aliona kuzimika huko ndiko kulikowawezesha kuendelea kutembea. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipoingiza ugonjwa wa baada ya kiwewe katika kitabu chake cha utambuzi, ganzi iliorodheshwa miongoni mwa alama zake.

*Mahali palipokatika.* Kwenye lango. Hisia zilikuwa nyingi kuliko chombo, lango likafungwa, na ubaya wake ni kwamba halichagui: likizuia hofu linazuia na upendo. Mama aliyenusurika anaweza kumkumbatia mwanawe huku akijua anampenda, bila kuuona upendo huo ukifika popote. Ganzi hii haiko peke yake. Tafuta majirani zake: ndoto mbaya, kushtuka kwa mlio mdogo, kuzunguka mbali ili usipite mahali fulani. Mtu wa ganzi mara nyingi ni yuleyule anayeruka mlango ukibamizwa.

*Msaada.* Tiba za mazungumzo zinazolenga kiwewe chenyewe, kwa mwendo ambao mtu anauweza. Kuna pia ganzi isiyo na kiwewe nyuma yake: baadhi ya watumiaji wa dawa za sonona husema dawa imeondoa kilio ikachukua na kicheko. Hilo daktari anapaswa kulisikia, kwa sababu dozi au dawa yenyewe inaweza kubadilishwa. Kuiacha ghafla bila kumwambia kunaleta matatizo mengine.

*Linamfaa nani.* Anayeweza kuonyesha kidole kwenye kalenda: tangu siku ile.

6. Mfungamano wa kukwepa

*Asili.* Mwishoni mwa miaka ya 1940 James Robertson alianza kuwatazama watoto wadogo waliolazwa hospitali za London, wakati ambapo wazazi waliruhusiwa kuwaona kwa nadra sana. Yeye na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza aliyeanzisha nadharia ya mfungamano kati ya mtoto na mlezi, walieleza hatua tatu. Mtoto kwanza hupinga: analia, anatikisa kitanda. Kisha hukata tamaa. Kisha hujitenga, na hatua hii ya tatu ndiyo iliyowadanganya watu wazima, kwa sababu mtoto anakula, anacheza, anamchekea yeyote, na wauguzi wanasema ametulia. Mama akija, mtoto anamtazama kama mgeni. Filamu aliyoitoa Robertson mwaka 1952, ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane, ilichangia kubadili taratibu za kuwatembelea watoto hospitalini Uingereza.

Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi na Bowlby, alifika Uganda mwaka 1954 na kuzifuatilia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akitazama jinsi watoto wachanga wanavyowashika mama zao kwa macho, kwa sauti na kwa mikono. Kwangu ni jambo la kukumbukwa kwamba sehemu ya msingi wa nadharia hii ya mfungamano, inayonukuliwa leo dunia nzima, iliwekwa kwenye sebule za kina mama wa Buganda. Baadaye, mjini Baltimore, alibuni jaribio la kumtenganisha mtoto na mama kwa dakika chache na kuwakutanisha tena. Baadhi ya watoto hawakulia mama alipotoka, na aliporudi waligeuza uso. Hao ndio walioitwa wakwepaji.

*Mahali palipokatika.* Kwenye kupokelewa. Mnamo mwaka 1977 watafiti waliwapima mapigo ya moyo watoto hao waliojifanya hamnazo, na wakakuta mioyo yao inakwenda mbio kama ya wale wanaolia. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto alikuwa amejifunza kwamba kilio chake hakimleti mtu, au kinamfukuza, akakiweka ndani. Mtu mzima wa namna hii ana hisia, ana maneno, ana raha, ana ari ya kazi. Anapopendwa kwa karibu ndipo anaanza kuona kasoro, kuhitaji nafasi, kuchelewa kujibu.

*Msaada.* Mtindo huu si hukumu ya maisha. Hubadilika kwa uhusiano unaodumu na usioadhibu udhaifu, uwe wa ndoa, wa urafiki au wa mshauri nasaha. Unachukua muda, na mwenzi anayemfukuza mkwepaji kwa maswali humkimbiza zaidi.

*Linamfaa nani.* Ambaye ubaridi wake una anwani: kwa wageni ni mchangamfu, kwa aliye karibu ni barafu. Halimfai aliyepoa kwa mtu mmoja aliyemuumiza. Huko ni kujilinda kulikokuwa na sababu.

Uchague lipi, kwa hali yako

Anza na swali la wakati. Ukiwa hivi tangu utotoni, yanabaki mawili, aleksithimia na mfungamano wa kukwepa, na kinachoyatenga ni kama ukiwa peke yako, bila wa kukutazama, unaweza kusema unachohisi. Ukiweza, tazama mahusiano. Usipoweza, tazama maneno.

Ikiwa kuna siku ilipoanza na siku hiyo ilikuwa na hatari au hasara kubwa, fikiria ganzi. Ikianza wiki chache baada ya kuanza dawa, mpigie simu aliyekuandikia dawa kabla ya kutafuta jina lolote hapa.

Ikija polepole, ikachukua raha moja baada ya nyingine, usingizi na chakula vikibadilika pia, ni anhedonia, na mlango wa kugonga ni wa sonona. Kutohisi kitu kukiandamana na wazo kwamba ni heri usingekuwepo, usimalizie kusoma. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi na uende hospitali leo.

Ikija kwa vipindi vya kujiona kwa mbali, pamoja na hofu ya kurukwa na akili, rejea kwa Amiel. Punguza bangi kama ipo, rudisha usingizi, na ukiona vipindi vinaungana kuwa siku, mwone mtaalamu.

Unapochagua kwa niaba ya mzee wako ambaye ameacha kuuliza habari za wajukuu wala haoni tatizo, usimwite mvivu. Mpeleke apimwe.

Wakati mwingine yatakuangukia mawili kwa pamoja, na hilo ni la kawaida: aliyekosa maneno ya moyo anaweza pia kupata sonona, na aliyepitia kiwewe anaweza kujiona nyuma ya kioo. Hapo usijilazimishe kuchagua. Kwenye karatasi ya kumpelekea mshauri au daktari andika yote mawili, na utangulize lile lililoanza mwanzo.